Madoa mekundu kwa mgonjwa aliyewahi kuugua Lyme: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mwanza

Jina la mgonjwa, kazi yake, kijiji alichozaliwa, tarehe na vituo alivyopitia vimeondolewa. Umri umetajwa kwa kukadiria.

Mgonjwa na historia yake

Mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mkazi wa Mwanza mjini, uzito kilo 61, aliletwa hospitali ya rufaa na mke wake. Faili alilokuja nalo lilikuwa na maneno mawili juu ya jalada kwa kalamu nyekundu: "Lyme sugu". Alikuwa siku ya 19 ya sindano za mshipani za antibiotiki ya seftriaksoni, gramu 2 kila siku, katika dozi iliyopangwa kwenda siku 28. Sababu ya dozi hiyo ilikuwa madoa madogo mekundu ambayo hakuna aliyeweza kuyaeleza, kifuani, tumboni na kwenye miundi ya miguu.

Ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, aliwahi kuupata kweli, na hilo halikuwa na ubishi. Miaka kadhaa nyuma aliishi jimbo la Connecticut, Marekani, eneo ambalo mji wake mdogo wa Lyme ndio ulioupa ugonjwa huu jina. Bakteria wake, Borrelia burgdorferi, alitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Willy Burgdorfer ndani ya kupe wa jenasi ya Ixodes. Mgonjwa alipata doa nyuma ya goti baada ya matembezi msituni. Kwenye ngozi yake nyeusi halikuonekana kama duara jekundu lililo kwenye mabango ya kliniki. Lilionekana kama alama ya kugongwa, likatambuliwa lilipozidi upana wa kiganja. Akapewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 14. Doa likaisha, homa ikaisha.

Sehemu nyingine ya historia haikuandikwa popote katika faili lile nene: alizaliwa na kukulia kisiwani ndani ya Ziwa Victoria. Utoto wake ulikuwa wa kuchota maji ziwani, kuoga ziwani na kuosha nyavu za baba yake akiwa amesimama kwenye maji ya mapajani, na hakumbuki kumeza dawa ya kichocho hata mara moja.

Mambo yalivyofuatana

Magoti yalianza kumuuma, hasa akipanda ngazi. Alinunua diklofenaki duka la dawa, miligramu 50 mara mbili au tatu kwa siku, akazimeza karibu kila siku kwa miezi miwili hivi. Katika mwezi wa pili akaona vidoa vyekundu kwenye miundi. Alipojikagua kwenye kioo akaona na vingine kifuani. Akasoma mtandaoni kwamba Lyme hurudi na huathiri viungo na ngozi, akaunganisha goti na doa, akaenda kituo binafsi akiwa tayari na jina la ugonjwa.

Kituo kilichukua damu na kuituma nje ya nchi. Majibu yalirudi baada ya wiki mbili: kipimo cha kwanza cha kingamwili, ELISA, chanya, kipimo cha pili cha kuthibitisha kikaonyesha mistari 6 kati ya 10 ya kingamwili za IgG, zile zinazodumu, na IgM, zile za mwanzo wa maambukizi, hasi. Siku hiyohiyo kipimo cha picha kamili ya damu kilitoa hemoglobini 9.6, chembe nyeupe 3,000 kwa mikrolita, na chembe sahani 74,000. Hemoglobini ilizungushiwa duara, akaandikiwa vidonge vya madini chuma. Chembe sahani, ambazo ndizo huziba mianya ya mishipa damu isivuje, kawaida huanzia 150,000. Namba 74,000 ilikuwa mistari michache chini ya duara lile na haikuandikiwa neno. Seftriaksoni ikaanza, na diklofenaki haikusimamishwa.

Siku ya 8 vidoa vya miguuni viliongezeka. Maelezo aliyopewa ni kwamba bakteria wanakufa na mwili unatoa taka, avumilie.

Kuanzia kama siku ya 17 akawa akisimama anaona giza. Siku ya 19 alikaa chini ghafla akiwa kwenye foleni ya sindano, na mke wake akaamua kumhamisha.

Kusoma ngozi

Hapa ndipo kisa kilipogeuka, na kazi yote ilichukua kama dakika 10 kabla ya maabara kuguswa.

Muuguzi alimsogeza dirishani. Mwanga wa taa nyeupe za wodini huficha wekundu kwenye ngozi nyeusi. Mwanga wa mchana unaotoka pembeni huonyesha rangi na pia kivuli cha doa lililoinuka. Akafunga macho akapitisha ncha ya kidole juu ya kila eneo, kwa sababu kidole hutenganisha doa bapa na doa lililonyanyuka vizuri kuliko jicho. Kisha akachukua bilauri ya kioo angavu, akaibana juu ya doa kwa sekunde 5 hivi akitazama kupitia kioo. Wekundu unaotokana na mishipa iliyopanuka hufifia, kwa sababu damu bado iko ndani ya mshipa na inasukumwa pembeni. Wekundu wa damu iliyokwisha kuvuja kwenye ngozi haufifii.

Madoa yale hayakuwa ya aina moja.

Kifuani na tumboni yalikuwa 8. Kila moja lilikuwa na upana wa milimita 2 hadi 4, laini, limenyanyuka kama kichwa cha pini, jekundu la kuiva linaloelekea zambarau. Kwa bilauri yalipauka kidogo, si kabisa. Hayakuwasha. Mke wake alisema matatu kati ya hayo aliyajua tangu walipooana. Hizi ni anjioma za cheri, vifundo vidogo vya kapilari ambavyo huanza kujitokeza baada ya miaka 30 na kuongezeka umri unavyosogea. Havina madhara, havihusiani na Lyme, na antibiotiki haiwezi kuviondoa.

Kwenye miundi, vifundoni na mahali ukingo wa soksi unapobana, yalikuwa mengi yasiyohesabika, bapa kabisa, milimita 1 hadi 2, na hakuna hata moja lililofifia chini ya kioo. Mengine mekundu, mengine yamekuwa kahawia: damu mpya na damu ya siku zilizopita, zimechanganyika. Ndani ya mdomo, kwenye kaakaa laini, yalikuwepo machache. Na pale muuguzi alipofungua mkanda wa kupimia presha, mkono ulikuwa umetoa vidoa vipya chini ya mkanda. Hizi ni petekia, vidoa vya damu iliyovujia kwenye ngozi.

Kwenye ngozi nyeusi sana petekia za miguuni zinaweza kupotea kabisa, kwa hiyo kaakaa, ndani ya kope la chini, viganja na nyayo hukaguliwa kila mara. Muuguzi alizungushia vidoa vinne kalamu ya wino, viwili vya kifua na viwili vya muundi, akaandika tarehe pembeni na kupiga picha akiwa ameweka rula. Baada ya saa 48 vile vya muundi vilikuwa vimegeuka kahawia na vipya vimezuka nje ya duara. Vya kifua vilibaki vilevile.

Swali la kwanza kwa mtu yeyote mwenye petekia ni homa. Homa pamoja na petekia ni dharura: kama ni uti wa mgongo wa meningokokasi, seftriaksoni hutolewa hapohapo bila kusubiri jibu. Kwa Kanda ya Ziwa, ambako virusi vya Marburg vilithibitishwa Kagera mwaka 2023 na tena 2025, mgonjwa mwenye homa na dalili za kuvuja damu hutengwa na watumishi huvaa vifaa vya kujikinga kabla ya kumtoboa sindano. Huyu joto lake lilikuwa 36.7, hakuwa na homa wiki nzima iliyotangulia, wala hakuwa amesafiri, kumuuguza mtu au kuhudhuria mazishi. Ndiyo maana hakutengwa, na sababu hizo ziliandikwa kwenye faili moja baada ya nyingine.

Tumbo na choo

Mapigo 108, presha 104 kwa 62 akiwa amelala, 88 ya juu akisimama. Ndani ya kope kumepauka. Macho hayana manjano.

Tabibu alianza kupapasa bandama kutoka chini kulia, karibu na nyonga, akapanda taratibu kuelekea ubavu wa kushoto huku mgonjwa akivuta pumzi. Anayeanzia moja kwa moja chini ya mbavu za kushoto anaweza kuweka mkono juu ya bandama yenyewe, akahisi ugumu wa sawasawa na kudhani ni tumbo lililokaza. Ukingo wa bandama ulipatikana sentimita 7 chini ya mbavu. Tundu la kushoto la ini nalo lilikuwa gumu na limekua. Tumbo halikuwa na maji, na hakukuwa na alama za mishipa ya buibui kifuani, zile ambazo kitovu chake kikibanwa miguu yote hupauka na ambazo humfanya mtu awaze ini lililochoka.

"Kaka, haja kubwa siku hizi ina rangi gani?" muuguzi aliuliza.

"Nyeusi, dada. Lakini waliniambia ni vile vidonge vya kuongeza damu."

"Inanata?"

"Kama lami. Na harufu yake, hata mimi mwenyewe inanishinda."

Vidonge vya madini chuma hufanya choo kiwe cheusi chenye kuelekea kijani, lakini hubaki na umbo lake, hakinati na hakina harufu tofauti na ya kawaida. Choo cha damu iliyosagwa tumboni hung'aa, hunata kwenye bakuli la choo na kina harufu kali asiyeisahau aliyewahi kuinusa. Alikuwa akipoteza damu, na vidonge alivyopewa kwa ajili ya upungufu wa damu ndivyo vilivyoficha damu hiyo.

Vipimo na maana yake

Hemoglobini ilikuwa 7.8, chembe nyeupe 2,700, chembe sahani 41,000. Kabla ya kuiamini namba hiyo ya mwisho, mtaalamu wa maabara aliangalia slaidi kwa hadubini, kisha akaomba damu nyingine kwenye chupa ya sitreti yenye kifuniko cha bluu hafifu. Dawa iliyo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau kwa baadhi ya watu hushikanisha chembe sahani, mashine ikahesabu fungu zima kama kitu kimoja na kutoa upungufu ambao haupo. Jibu la chupa ya sitreti huzidishwa kwa 1.1 kufidia dawa ya maji iliyomo. Lilibaki dogo vilevile, na slaidi haikuwa na mafungu. Upungufu ulikuwa wa kweli. Slaidi hiyohiyo ilikaguliwa malaria, na pia babesia, kimelea anayebebwa na kupe yuleyule wa Lyme huko Marekani na ambaye vipete vyake ndani ya chembe nyekundu hufanana na vya malaria. Havikuwepo.

Malaria, VVU, homa ya ini B na C, na kaswende vyote hasi. Vimeng'enya vya ini karibu na kawaida, muda wa damu kuganda umerefuka kidogo tu. Ultrasaundi ilionyesha makovu manene yanayofuata matawi ya mshipa wa porta, ule unaopeleka damu ya matumbo kwenye ini, mshipa wenyewe ukiwa na milimita 15, na bandama yenye urefu wa sentimita 17. Kinyesi kilichotafutwa mayai ya minyoo kwa njia ya Kato-Katz, slaidi mbili, hakikuwa na mayai. Kipimo cha mkojo cha antijeni ya kichocho kilikuwa na mstari hafifu. Kwa mtu aliyeambukizwa utotoni na kuhama, mayai hupungua wakati makovu yamebaki, kwa hiyo choo kisicho na mayai hakiondoi kichocho.

Picha ilikamilika: kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, kilichofikia ini na bandama. Mayai ya minyoo hukwama kwenye matawi ya mshipa wa porta na kuacha makovu, damu ya matumbo inakosa njia, presha ya mshipa huo inapanda. Bandama, ambayo damu yake inapitia njia hiyohiyo, inavimba. Bandama ya kawaida huhifadhi kama theluthi ya chembe sahani za mwili. Iliyovimba sana inaweza kushikilia hadi asilimia 90. Zinazobaki kwenye mzunguko hazitoshi. Kwa upande mwingine damu hutafuta njia za pembeni, hasa mishipa ya umio, ambayo hujaa na kuweza kupasuka.

Maamuzi na sababu zake

Seftriaksoni na diklofenaki zilisimamishwa saa ileile. Diklofenaki huzuia chembe sahani zisishikane na huchubua ukuta wa tumbo. Kwa mtu mwenye mishipa ya umio iliyojaa hakuna dozi yake iliyo salama. Kwa magoti alipewa parasetamoli, isiyozidi gramu 2 kwa siku.

Njia mbili nene za mshipani ziliwekwa, damu ikapimwa kundi na uniti 2 zikaandaliwa. Hakuongezewa mara moja. Hemoglobini ilikuwa juu ya 7 na presha haikushuka zaidi, na kumjaza damu haraka hupandisha presha ya mshipa wa porta na kuweza kufungua upya mahali palipoanza kuziba. Chembe sahani za kuongezewa ziliombwa na daktari mmoja na kukataliwa na mwingine. Hoja ya kukataa ndiyo iliyoshinda: zingekwenda kukaa kwenye bandama ileile, na damu ya umio hutoka kwa sababu ya presha zaidi kuliko upungufu wa chembe.

Jambo lililojadiliwa kwa muda mrefu zaidi lilikuwa antibiotiki. Mgonjwa mwenye ini lenye makovu anayevuja damu umioni hupewa antibiotiki ya kinga kwa siku chache, na ya kwanza katika miongozo mingi ni seftriaksoni hiyohiyo, gramu 1 kwa siku. Lakini seftriaksoni, mara chache, husababisha kinga ya mwili ishambulie chembe sahani, na hapa zilishuka kutoka 74,000 hadi 41,000 ndani ya siku za dozi. Wakachagua siprofloksasini miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 5.

Kamera ya umio ilifanyika kesho yake. Ilikuta safu tatu za mishipa iliyovimba, mmoja ukiwa na alama nyekundu ya mahali palipovuja. Ikafungwa kwa mipira midogo mahali 5. Baada ya siku 3 bila choo cheusi akaanzishwa propranololi, dawa ya kushusha presha ya mshipa wa porta, miligramu 20 mara mbili kwa siku, ikipandishwa taratibu hadi mapigo ya kupumzika yafike kati ya 55 na 60, kwa sharti presha ya juu isishuke chini ya 90.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ilisubiri damu itulie. Miligramu 40 kwa kila kilo, kilo 61, ni 2,440. Vidonge 4 vya miligramu 600 vilitosha. Alimeza baada ya ugali na samaki, kwa kuwa tumbo tupu huleta kichefuchefu na mtu hutapika dozi.

Matokeo

Wiki mbili baadaye chembe sahani zilikuwa 69,000 na hakukuwa na petekia mpya. Hemoglobini ilifika 9.4. Alirudi kufungwa mishipa mara mbili zaidi kwa kupishana wiki 3 hadi mishipa ikabaki midogo. Bandama haikupungua kwa namna ya kupimika. Makovu ya miaka thelathini hayafutwi na dozi moja, na aliambiwa hivyo waziwazi ili asitarajie chembe sahani zipande hadi kawaida. Anjioma za kifuani bado ni 8.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa kuyapa madoa jina moja kabla ya kuyagusa. Mgonjwa aliyaona yote kwa wakati mmoja mbele ya kioo, akayaunganisha, na kila aliyefuata akapokea kifurushi kikiwa kimeshafungwa. Lyme ina alama zake za ngozi zinazojulikana. Doa la mwanzo hutokea siku 3 hadi 30 baada ya kuumwa, hufikia sentimita 5 au zaidi, na husambaa siku hadi siku. Bakteria wakienea kwenye damu, madoa ya aina hiyo yanaweza kuwa mengi. Barani Ulaya kuna pia uvimbe wa bluu-nyekundu kwenye ndewe ya sikio au chuchu, na miaka baadaye ngozi ya mikono na miguu kuwa nyembamba na ya zambarau. Vidoa vya milimita 1 visivyofifia havimo katika orodha hiyo. Mtu mwenye historia ya kupe akipata petekia, fikra iende kwenye chembe sahani na kwenye vimelea wengine wa kupe.

Kipimo cha kingamwili kilisomwa kama kwamba kinajibu swali la leo. Kingamwili za IgG baada ya Lyme iliyotibiwa huweza kubaki kwenye damu zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo mistari 6 kati ya 10 ilithibitisha tu kile ambacho mgonjwa alishasema kwa mdomo wake. Kwa wakazi wetu kuna tatizo la ziada: homa ya papasi. Borrelia duttonii, bakteria wa homa hiyo, ni jamaa wa karibu wa Borrelia burgdorferi, na kingamwili zake huweza kufanya kipimo cha Lyme kiwe chanya. Papasi wanaishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku kwa dakika chache na kujificha tena, na mtu aliyelala nyumba za aina hiyo utotoni anaweza asijue kama aliumwa. Kaswende nayo huchanganya kipimo. Mtu ambaye hajawahi kutoka Tanzania akipata jibu chanya la Lyme, papasi na kaswende ndivyo vya kuchunguzwa kwanza.

Maelezo ya "bakteria wanakufa" siku ya 8 yalimchelewesha. Mwitikio huo upo, na waliowahi kutibu homa ya papasi wanaujua vizuri: saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa hutetemeka, homa inapanda, presha inaweza kuporomoka. Huja ndani ya saa 24 za mwanzo na kwisha, na haungoji wiki. Doa jipya la damu siku ya 8 ya sindano lilipaswa kumrudisha mtu maabara siku hiyohiyo.

Hata kama Lyme ingekuwa hai, mwezi wa sindano kwa madoa na maumivu ya goti bila uvimbe wa goti hauna msingi. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2001 na Uholanzi mwaka 2016 yaliwapa antibiotiki za muda mrefu watu wenye dalili zilizobaki baada ya Lyme, na hawakupona zaidi ya wenzao wasioongezewa. Madhara ya mishipa iliyotobolewa na dawa yenyewe yalikuwepo.

Ufunguo wa kisa ulikuwa kwenye karatasi tangu mwanzo. Hemoglobini, chembe nyeupe na chembe sahani vikishuka vyote vitatu kwa mtu aliyekulia ziwani, mkono uende kwenye bandama kabla kalamu haijaandika madini chuma. Inasikitisha kwamba historia ya Connecticut iling'aa hata ikazima ile ya kisiwani, ingawa huku kwetu kichocho ni sababu kubwa ya watu wazima kutapika damu. Swali "ulioga wapi ulipokuwa mtoto?" linatosha, na halihitaji kitendanishi.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote: dirisha, bilauri, kalamu ya wino na swali la choo. Uamuzi wa kuhakiki chembe sahani kwa slaidi na chupa ya pili nao unastahili kuigwa, kwa sababu upungufu wa uongo ungeweza kumpeleka mgonjwa asiye na tatizo kwenye kamera bila sababu.

Kuna jambo ambalo kisa hiki hakiwezi kulijibu. Dawa mbili zilisimamishwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo haiwezekani kusema ni kiasi gani cha upungufu kilitokana na seftriaksoni. Kurudi hadi 69,000, karibu na namba ya kabla ya sindano, kunaielekezea kidole, na kwenye kadi yake iliandikwa asipewe tena bila sababu kubwa. Diklofenaki pengine ndiyo iliyozitoa petekia za kwanza, maana 74,000 peke yake kwa kawaida haitoshi kutoa vidoa. Ilihitaji kitu cha kudhoofisha chembe chache zilizobaki.

Ndugu zake watatu waliokulia ufuko uleule waliitwa kupimwa. Mdogo wake wa mwisho, ambaye bado ni mvuvi, ana bandama sentimita 4 chini ya mbavu na chembe sahani 96,000. Ngozi yake haina doa. Amepewa prazikwanteli na kuandikiwa kamera ya umio, na kwa kuwa ataendelea kuingia majini, dozi yake ya dawa itarudiwa kila mwaka.